Sauti ya Mchinja Kanga

Alinipiga kofi mara moja tu katika miaka kumi na mmoja tuliyofanya kazi bega kwa bega, na mimi nikamrudishia kwa upawa. Kosa langu? Nilimtumbukiza kanga kwenye sufuria kabla hajatulia. Katika banda letu la kuku pale Kariakoo, yeye alichinja, mimi nilichovya ndege kwenye maji ya moto ili manyoya yalegee, na wenzetu wakanyonyoa. "Ngoja roho itoke!" alifoka, na kofi likafuata palepale. Nilipomtandika upawa wa shavu alinitazama, nikajua leo nakufa, kumbe akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo tulipatana. Ndivyo alivyokuwa: ukimwogopa alikudharau, ukimrudishia alikuheshimu.

Jina lake silitaji. Watoto wake wapo, wajukuu wapo, na hawakunituma niseme. Soko zima lilimwita Mchinjaji, hata mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika. Ila moja nalisema mapema, msije mkadai nimewaficha: sauti yake ilimponza mtu asiye na kosa. Mtu huyo alipopona alitaka kitu kimoja tu, kwamba Mchinjaji arudi palepale, soko likiwa limejaa, akiri kwa sauti ileile kwamba alikosea. Miaka minne jambo hilo lilimkaa kooni, halipandi wala halishuki.

Sauti yenyewe sasa, jamani! Siku umeme ulipokatika msikitini kwao aliadhini bila kipaza sauti, na watu wa mtaa wa tatu wakatoka na kandambili zao wakaenda kuswali. Sokoni hakuwa na haja ya simu. Akitaka kisu kinolewe aliita tu, na mnoa visu, aliyekuwa upande wa pili wa barabara katikati ya makelele ya bodaboda, aliitika. Wateja wageni waliruka. Sisi tulishazoea, tukasema tu, "Baba kaamka."

Kuku alichinja kila mtu, lakini kanga walimsubiri yeye. Kanga si ndege wa kumshika ovyo. Ana nguvu za miguu, anakwaruza, anajikunja, na akipiga kelele unasikia meno yako yanauma. Wanyonyoaji walikuwa na makovu ya kucha za kanga mpaka viwikoni. Mchinjaji aliwashika kwa mkono mmoja tu, bawa na bawa nyuma, akawafunika kichwa kwa kitambaa cheusi, akawanong'oneza kitu ambacho sikuwahi kukisikia vizuri. Halafu bismillahi, na kisu kimepita. Hakuna ndege aliyemwona mwenzake akichinjwa mbele yake, kwa sababu matenga yote aliyafunika magunia na kuyageuzia ukutani. Baada ya kila ndege alikiosha kisu, hata kama foleni ilifika barabarani na wateja wanatukana.

Mtu huyohuyo, mpole hivyo kwa ndege, siku moja alimvunja mchukuzi meno mawili. Mchukuzi yule alikuwa amebeba kanga sita, amewaning'iniza miguu juu, vichwa vinaburutika kwenye maji machafu. Mchinjaji alivua kiatu chake mwenyewe, buti gumu la mpira, akamkung'uta nacho usoni. "Ndege hana kosa!" alinguruma. "Kosa unalo wewe!" Tulimwambia, mzee, kwani meno ya mtu yana kosa gani? Akasema meno yanaota. Tukamwambia ya mtu mzima hayaoti. Kesho yake akamletea yule mchukuzi uji, kila asubuhi, mwezi mzima, kwa sababu hakuweza kutafuna.

Nyumbani kwake, kule bondeni kuelekea Jangwani, alifuga kanga wake mwenyewe kumi na kitu. Wale hakuwachinja na hakuwala. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jike huita kwa sauti ya mapande mawili na dume kwa pande moja, na kwamba mayai yao huyatoi kiotani kwa mkono, unatumia kijiko cha mti, la sivyo mama ananusa mkono wako na kiota anakihama. Kanga wengi hawajui kulea, alisema, wanaburuta vifaranga kwenye umande mpaka wanakufa. Kwa hiyo mayai aliyapeleka kwa kuku wa kienyeji, kuku akalalia siku ishirini na nane badala ya ishirini na moja, maskini, akatotoa watoto ambao wakikua wanampiga.

Maana kanga ni wakorofi, msidanganyike na yale madoa. Nilienda kwake siku moja kumpelekea mkewe mchele wa arobaini ya mama yake, nikawakuta wamemzunguka jogoo. Jogoo mkubwa, mwekundu, mwenye enzi yake. Walimdonoa kichwani mmoja baada ya mwingine, hawaharakishi, akikimbilia huku wanamkuta huku, mpaka akalala chini na bado hawakuacha. Mchinjaji alikaa kwenye kigoda anakunywa kahawa. Nikampigia kelele awatenganishe. "Wameshaona damu," alisema. "Wakishaona damu hata mimi nikiingia wananidonoa." Walipotawanyika alimwahi kwa kisu angali anapumua, na jioni hiyo jogoo tulimla, nyama yake ngumu.

Majirani walimchukia kwa sababu ya hao ndege. Kanga akimwona nyoka anapiga kelele, akimwona paka anapiga kelele, akiona mwezi umetoka anapiga kelele. Jirani wa ukuta mmoja aliwahi kumrushia kanga kipande cha tofali akamvunja mguu, na wenzake wakammalizia kwa midomo yao kabla Mchinjaji hajafika. Lo! Siku hiyo alitoka na panga. Alikatakata mlango wa jirani mpaka ukabaki mbao za kuchomea, jirani na wanawe wamejibanza uvunguni, na mjumbe wa mtaa amesimama mbali anasema, "Tumia busara, mzee, tumia busara." Mlango aliulipia. Msamaha hakuomba. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema nimekosea, hata kwa mkewe. Alipokosea alileta kitu: uji, mlango, kilo ya sukari. Mafuriko yalipokuja aliwapandisha kanga juu ya bati kwanza, godoro la ndoa likaenda na maji, na mkewe akamtandika mwiko mbele ya watu. Akamnunulia godoro la inchi nane. Samahani hakuna.

Sasa nieleze kuhusu kibudu, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Kibudu ni ndege aliyekufa mwenyewe, hakuchinjwa, na Mwislamu hamli. Hata asiye Mwislamu pale sokoni hakutaka kumla, nani anajua kafa na nini. Kanga wa porini ndio walioleta shida hiyo. Watu walikuwa wanawatega bila kibali, wanawasokomeza kwenye matenga na kuwaleta mjini, na kanga wa porini akifungwa anakufa kwa woga. Mchuuzi asiyemwogopa Mungu anamkata koo maiti, anamkabidhi mteja, na mteja anakwenda kulisha walima. Mchinjaji alimjua wa porini kwa kovu la kitanzi mguuni na kwa macho: wa kufugwa anakutazama mkono kama una pumba, wa porini anatazama uchochoro. Alipokutana na wachuuzi wa namna hiyo aliwapiga mwenyewe, akawafukuza, na soko likampenda kwa hilo. Watu walitoka Upanga na Magomeni kwa sababu ya neno lake tu.

Kumjua kibudu alikuwa na utaratibu wake. Alimlaza ndege kiganjani, akampulizia puani, akabonyeza kidole gumba chini ya bawa kusikiliza moyo, kisha akahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini. Ndipo aliposema mzima au kibudu. Nimemwona akifanya hivyo mara elfu, na nimemwona akiacha kufanya hivyo mara moja.

Ilikuwa siku moja kabla ya Idd. Tangu alfajiri hatujakaa, maji yangu yamechemka mara saba, damu imejaa mfereji, watu wamesongamana mpaka hawapumui. Akaja bwana mmoja kutoka Kusini na tenga la kanga kumi na wawili. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia ya kiua iliyofuliwa vizuri, amesafiri na basi usiku kucha. Aliwafuga mwenyewe, alisema, na hata mimi niliyesimama pembeni niliona wanamwangalia mkono. Watatu wa kwanza wakachinjwa. Wa nne Mchinjaji akamtoa, shingo imelegea, miguu imenyooka. Akalinyanyua bawa, akaliachia, likaanguka. Hakumpulizia. Hakubonyeza. Hakuhesabu.

"Mzee, huyo mzima," yule bwana akasema haraka. "Kazimia na safari, alifungwa miguu. Mpe maji kidogo."

"Mzima wapi?"

"Wallahi mzima. Mimi Mwislamu kama wewe, nikulishe kibudu mkesha wa Idd?"

Mchinjaji hakupenda kubishiwa kazi yake mbele ya wateja. Nilimwona mshipa wa shingo umesimama, nikajua. Akamtupa yule ndege chini na kufungua kinywa.

"Kibuduuu! Anatulisha kibuduuu!"

Sauti ile ilipita juu ya soko zima. Mungu wangu! Walikuja kutoka kwenye vitambaa, kutoka kwenye viazi, waliacha mizigo njiani. Wa kwanza alimpiga ngumi ya sikio, kofia ikaanguka, na baada ya hapo sikuwaona tena mmoja mmoja. Walimpiga kwa mbao za matenga. Walimpiga kwa jiwe la mizani. Aliinua mkono kujikinga na niliusikia ukivunjika, katikati ya kelele zote zile niliusikia. Wengine hawakujua hata kibudu ni nini, walikuwa wanauliza "Kaiba nini?" huku wanapiga. Simu zilikuwa juu zinarekodi. Halafu mtu mmoja, simjui mpaka leo, alinigeukia, akanyoosha mkono akasema, "Mama Maji, lete jagi."

Kwa miaka nimewaambia watu kwamba alinipora jagi. Hakunipora. Aliniomba, nikampa, na lilikuwa limejaa maji yanayotokota.

Yule bwana alipiga ukelele mmoja, ngozi ya shingo ikakunjamana, akanyamaza. Na hapo ndipo kanga wa nne, aliyetupwa chini karibu na mfereji, alipojitingisha. Alisimama upande upande, akatikisa kichwa, akapita katikati ya miguu ya watu wale huku anapiga kelele kwa mapande mawili. Jike. Watu wakamfungulia njia, wanamtazama. Mbao zikashuka. Nikamgeukia Mchinjaji. Ingetosha aseme neno moja kwa ile sauti yake, "Acheni," na hata waliokuwa bado wanapiga kwa nyuma wangeacha. Alisimama na kisu mkononi. Hakusema kitu, na nyuma kule wakaendelea kumpiga mpaka polisi walipofika na kumpakia kwenye bajaji.

Alipona, kama kupona ndiko kule. Jicho la kushoto likapotea, mkono ukaunga vibaya, na kovu la maji likabaki. Mchinjaji alipeleka wazee wawili na mbuzi kwa ndugu za yule bwana, Buguruni, na mimi nikaenda nao kama mama wa kusindikiza. Yule bwana alikuwa amekaa kwenye jamvi. Alimsikiliza kila mzee mpaka mwisho, hakukatiza.

"Mbuzi mrudisheni," alisema. "Na hela sitaki. Mwambieni aende palepale, saa soko limejaa, kwa sauti ileile. Aseme ndege alikuwa mzima, na yeye alikosea. Watu wa kwetu wameona ile video. Mke wangu anaitwa mke wa mlisha kibudu."

Tulipomfikishia ujumbe, Mchinjaji alitukana mpaka mate yakamtoka. Alisema afadhali akatwe mkono. Alisema, "Nikisema nimekosea huyo, nani ataamini niliowahi kuwachinja? Waliokula kwa neno langu miaka thelathini niwaambie nini?" Akaongeza mbuzi wa pili. Akarudishiwa. Akapeleka kanga wake wa nyumbani, wote, kwenye matenga mapya. Wakarudishwa, wawili wamekufa njiani. Akarudi kazini, akachinja, lakini sasa alihesabu thelathini kwa kila ndege, hata kuku anayewika, na wateja wakaanza kulalamika na kuhamia mabanda mengine. Mchukuzi mmoja aliyemletea masihara juu ya kibudu, Mchinjaji alimkaba hadi tukamtoa mikono kwa nguvu, watu wanne. Msiniulize kama nilimwambia akiri. Nilimwambia. Alinijibu, "Na wewe je?" Sikumzungumzia tena habari hiyo.

Kiharusi kilimpiga chooni, mwaka jana. Kikachukua upande wa kulia na kikachukua sauti. Nilipokwenda kumwona nilimwamkia, "Shikamoo mzee," na kilichotoka badala ya marahaba kilikuwa pumzi tu na mkwaruzo. Mkewe alikuwa anamfuta mdomo. Mchinjaji akanishika kanga niliyojifunga kwa mkono wake mzima, akanivuta mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake. Ilimchukua muda. "Nipeleke," alisema. "Kamwite."

Kumpata yule bwana haikuwa kazi. Siku hizi anauza mayai ya kuchemsha karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, ndoo begani upande wa mkono mzima, kachumbari kwenye kopo. Nilimweleza nikiwa nimesimama upande wa jicho lake zima. Alimaliza kummenyea mteja yai, akamtilia chumvi, akapokea pesa yake, halafu akasema, "Twende."

Ilikuwa adhuhuri, Jumamosi, soko limefurika. Tulimshusha Mchinjaji kwenye bajaji, mimi na dereva, tukamkalisha juu ya tenga lililopinduliwa, palepale penye mfereji. Wengi hawakumjua. Mchinjaji wa sasa ni mwingine, mwenye redio. Yule bwana akaweka ndoo yake chini na kusimama mbele yake.

Mchinjaji akafungua kinywa. Shingo ikakakamaa, mshipa uleule ukasimama, macho yakamtoka, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Watu wakapita na mizigo wakisema, "Mzee, pisha njia." Sikuweza kuvumilia. Nikajaza kifua nikaanza, "Jamani, sikilizeni! Huyu mzee anasema..."

"Wewe nyamaza," yule bwana akaniambia, bila kunigeukia. "Nilimwomba yeye."

Mara ya tatu Mchinjaji alijishika koo kwa mkono wake mzima, akalibana kabisa, kama anavyobana la ndege. Kikatoka kitu cha kukwaruza, kidogo, mate yanashuka kidevuni. "Alikuwa mzima. Nilikosea. Nilikosea mimi." Redio ilikuwa inaimba. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyeinua simu. Tulisikia wawili, mimi na yule bwana, na dereva wa bajaji pengine.

Yule bwana aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mzee. Kisha akasema, taratibu na kwa adabu, kama mtu anavyosema na mkubwa wake, "Nimekusikia, mzee. Ila sijakusamehe. Nilitaka liwe limesemwa."

Mchinjaji akaitikia kwa kichwa. Nilingoja amtukane, wallahi, nilingoja anyanyue hata ule mkono mmoja ampige, ningejua la kufanya. Akasema tu, kwa ule mkwaruzo wake, "Haki yako," akaanza kulia na hakujifuta.

Yule bwana akainua ndoo yake. Mimi hakuniuliza kitu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mdomo mzima, sauti ninayo, naliona kovu la maji linavyoshuka kutoka sikioni mpaka ndani ya kola ya shati lake. Nikamwambia Mchinjaji bajaji inasubiri, twende nyumbani.